Foto kumi na sita kwa karatasi moja: somo juu ya kusogeza pikseli



Ndani ya kabati la biro kuko mafungu ya karatasi za miaka iliyopita: matoleo ya gazeti letu hili, programu za sikukuu, maneno ya nyimbo za korali, maulizo ya mitihani. Nyingine zilitolewa kwa stensili na wino mweusi. Hizo zinasomeka bado, lakini karatasi yenyewe imekuwa ya manjano na inavunjika ukiikunja. Nyingine zilitolewa kwa mashini ya alkoli, ile ya wino wa violeti, na hizo njo zinatutia woga. Wino wa violeti unaliwa na nuru, na kuko kurasa ambazo leo unaona tu kivuli cha maandiko.

Mwanafunzi wa zamani ametuazima aparei ya foto kwa majuma mawili. Ni Sony A7R IV, ya aina isiyo na kioo ndani, iliyotoka mwaka 2019. Katika menyu yake kuko kazi inayoitwa Pixel Shift, ndiyo kusema kusogeza pikseli: aparei inapiga foto 4 ao 16 za kitu kimoja, kisha ordinatere inaziunganisha kuwa foto moja. Tangu siku hiyo tunasikia mashauri mengi. Wamoja wanasema: “Tupige kurasa zote kwa foto 16, tusiache hata kitu.” Wengine wanasema ni mchezo wa kumaliza betri. Majuma mawili si mengi, na hatujui kama aparei ya namna hii itarudi tena. Kwa hiyo tuone kazi hiyo inafanya nini kweli, na inashindwa wapi.

APAREI INAKISIA

Tuanze na kapteri. Kapteri ni sahani ndogo inayopokea nuru, inakaa mahali palipokuwa filme zamani. Ya aparei hii ni karibu milimetre 36 kwa 24, nayo imegawanyika kuwa vyumba vidogo karibu milioni 60. Chumba kimoja njo pikseli. Upande wa pikseli ni mikrometre 3.76, na mikrometre ni sehemu moja ya elfu ya milimetre. Unywele wa mtu una unene wa karibu mikrometre 70. Basi pikseli 18 zinaweza kupanga mstari juu ya upana wa unywele mmoja.

Lakini pikseli haijui rangi. Inajua tu kama nuru ni nyingi ao ni kidogo. Kusudi rangi ionekane, juu ya kila pikseli wametia chujio: nyekundu, kijani ao bluu. Mpango wa machujio hayo ulifanywa na Bryce Bayer, mfanyakazi wa Kodak huko Marekani, aliyepewa hati ya uvumbuzi mwaka 1976. Katika kila pikseli nne kuko mbili za kijani, moja nyekundu na moja ya bluu. Kijani kimepewa nafasi mbili kwa sababu jicho la mtu linapata habari nyingi za mistari na umbo kwa njia ya rangi hiyo.

Sasa angalieni vizuri. Pikseli iliyo chini ya chujio nyekundu haikupima kijani wala bluu. Aparei inatazama majirani zake, inafanya hesabu, kisha inaandika kijani na bluu ambavyo pikseli ile haikuviona hata siku moja. Ni vile kwa kila pikseli. Kwa foto ya kawaida, theluthi mbili za hesabu za rangi ni kukisia. Ni kukisia kwa akili, na mara nyingi kunafika karibu sana na kweli. Uso wa mtu, nyumba, mlima, hakuna shida. Shida inakuja pale mistari inapokuwa myembamba kama pikseli zenyewe: nyuzi za kitenge, ao mizunguko ya kijani ndani ya jiwe la malakiti lililosuguliwa, ao ukingo wa herufi ya violeti juu ya karatasi ya manjano. Hapo aparei inaweza kuandika rangi ambazo haziko, na ukingo unakuwa na upinde wa mvua mdogo ambao hakuna mtu aliyeuchora.

NAMNA YA KUSOGEZA

Aparei nyingi za siku hizi zina sumaku zinazosukuma kapteri huku na huku kusudi zishindane na kutetemeka kwa mkono. Minolta waliitia kazi hiyo ndani ya DiMAGE A1 mwaka 2003. Nyuma yake mafundi walijiuliza: kama tunaweza kusogeza kapteri kwa kupinga mkono, juu ya nini tusiisogeze kwa kusudi, wakati aparei imesimama kimya? Hasselblad walikuwa wamekwisha kufanya vile kwa aparei zao kubwa za studio. Mwaka 2015 Olympus na Pentax waliileta kwa aparei za watu wa kawaida, E-M5 Mark II na K-3 II. Ile ya Pentax ilikuwa na kioo ndani, kwa hiyo tusiseme kwamba kazi hii ni ya aparei zisizo na kioo peke yake. Lakini hizo zinaifaa zaidi: hakuna kioo cha kuinuka na kugonga, na obtiratere ya umeme haina kipande cha kutikisa aparei.

Kwa foto 4, kapteri inasogea pikseli moja kamili kila mara, kulia, chini, kushoto, kama mtu anayezunguka meza ya pande nne. Mwisho wa mzunguko kila nukta ya picha imepimwa kwa nyekundu mara moja, kwa bluu mara moja, kwa kijani mara mbili. Hakuna tena kukisia. Hesabu ya pikseli inabaki ileile milioni 60, lakini kila moja inasema kile ilichopimwa.

Kwa foto 16, mzunguko ule unarudiwa mara nne, na kati ya mzunguko na mzunguko kapteri inasogea nusu ya pikseli. Foto iliyounganishwa ina pikseli 19008 kwa 12672, ndiyo karibu milioni 240. Mwanafunzi mmoja alituuliza: “Foto ni kumi na sita, juu ya nini pikseli zinakuwa mara nne tu?” Aliuliza vizuri. Sehemu moja ya kazi ilikwenda kwa rangi, na sehemu nyingine kwa ukubwa. Tena mara nne ya pikseli ni mara mbili tu kwa upana na mara mbili kwa urefu. Mstari mwembamba kuliko yote unaoonekana hauwezi kuwa mwembamba kupita nusu ya ule wa mbele, na kwa kweli haufiki hapo, kama tutakavyoona.

Aparei za Olympus na za Panasonic zinaunganisha foto zenyewe, bila ordinatere. Sony, Fujifilm na Nikon wanataka ordinatere na programu yao. Olympus E-M1X ya mwaka 2019 ilileta pia namna ya kupiga mkononi bila trepie, inatumia kutetemeka kwa mkono wenyewe kama kusogea. Yetu haijui vile. Bila trepie ni bure.

KITU KISITIKISIKE

Hapa njo kuko mpaka mkubwa. Foto 16 hazipigwi kwa nukta moja ya wakati. Zinafuatana, na ordinatere inaamini ya kuwa kati ya ya kwanza na ya mwisho hakuna kitu kilichosogea, ila kapteri. Kama kitu kimesogea, ordinatere inachanganya mahali pawili kuwa pamoja. Inatoka alama kama ubao wa dama, vipande vidogovidogo vya pande nne, ao ukingo wenye meno kama msumeno.

Jaribuni kupiga kichuguu kilicho kando ya njia. Udongo wake utatoka mzuri ajabu, utahesabu chembe za mchanga. Majani yaliyoota juu yake yatakuwa ubao wa dama mtupu. Ni vile kwa maji ya mto, moshi wa jiko, mawingu, korali ikiimba, mbuzi akisimama. Hata mwalimu aliyekaa kimya mbele ya ubao anapumua. Kwa vitu vyenye uhai kazi hii haifai hata kidogo, na mtu asipoteze siku kuijaribu.

Karatasi haipumui, mtasema. Tufanye hesabu. Karatasi ya A4 ina upana wa milimetre 210. Tukiijaza ndani ya foto, milimetre 210 zinaanguka juu ya pikseli 6336, ndiyo karibu pikseli 30 kwa kila milimetre moja. Basi pikseli moja inafunika 0.033 ya milimetre ya karatasi, na nusu ya pikseli ni 0.017. Hiyo ni robo ya unywele. Karatasi ikijikunja kwa robo ya unywele kati ya foto ya kwanza na ya kumi na sita, kazi imeharibika pale ilipojikunja. Na karatasi inajikunja! Wakati wa mvua, Novemba hata Aprili, karatasi imekunywa unyevu. Ukiitia chini ya taa ya moto inaanza kukauka na pembe zinainuka polepole mbele ya macho yako. Kwa hiyo tuiache dakika chache mezani ipumzike, kisha tuitie chini ya kioo cha dirisha kilicho safi, na taa ziwe za pembeni kusudi kioo kisirudishe nuru ndani ya objektifu.

Sakafu nayo inatembea. Sakafu ya mbao haifai; tutafute chumba chenye sakafu ya simenti, na watu wasipite. Malori ya madini yanayokwenda na kurudi kwenye barabara ya Kolwezi yanatikisa ardhi zaidi kuliko tunavyofikiri. Tieni kikombe cha maji mezani na kutazama uso wake lori inapopita. Uso wa maji ukicheza, ngojeni. Saa nzuri ni usiku sana ao alfajiri, na hapo nuru ya jua haiko, na tunaingia katika shida ya pili.

NURU ISIBADILIKE

Umeme wa kwetu unageuka mara 50 kwa sekonde, na taa inayofuata umeme huo inawaka na kufifia mara 100 kwa sekonde. Jicho haling'amui, aparei inang'amua. Ukipiga kwa mwendo wa haraka, foto moja inakamata taa ikiwa juu, nyingine ikiwa chini, na obtiratere ya umeme inaweza kuleta mistari mipana ya giza. Dawa yake ni kupiga polepole: kwa sehemu moja ya kumi ya sekonde, kila foto inakusanya mapigo kumi kamili. Lakini dawa hiyo haiponyeshi ugonjwa mwingine tunaoujua wote, wakati taa za nyumba nzima zinapokuwa nyekundu kidogo kisha zinarudi. Foto ya tatu ina nuru, ya tisa haina, na ordinatere inaunganisha hivyo hivyo.

Taa ya betri inasaidia, ingawa nyingine za bei ndogo zinapepesa hata kwa betri. Kwa maoni yetu nuru bora kuliko zote ni dirisha lisiloingia jua moja kwa moja, wakati wa kiangazi, mbingu ikiwa safi bila wingu. Juni na Julai njo miezi ya kazi hii. Wakati wa mvua wingu moja likipita, mfululizo mzima ni wa kurudia.

OBJEKTIFU HAITOI ISICHOKUWA NACHO

Wanafunzi wa fizike watapenda sehemu hii. Nuru ikipita ndani ya tundu, inatawanyika kidogo. Nukta moja haianguki kama nukta, inaanguka kama duara. Upana wa duara ni 2.44 mara urefu wa wimbi la nuru mara namba ya tundu. Kwa nuru ya kijani, wimbi ni mikrometre 0.55. Ukifungua kwa 5.6, duara lina mikrometre 7.5, ndiyo pikseli mbili. Kwa 8 linakuwa 10.7, karibu pikseli tatu. Kwa 16 linakuwa 21.5, karibu pikseli sita.

Maana yake nini? Mtu anayefunga tundu hata 16 kusudi jiwe zima lionekane wazi, kisha anatumia foto 16 za nusu pikseli, anapima duara lilelile lenye ukungu kwa ufundi mwingi. Faili inakuwa nzito, hakuna herufi mpya inayoonekana. Ni kama kutafuta milimetre kwa kupima gunia la makala. Kwa karatasi tambarare tukae kwa 5.6, kwa sababu karatasi haina kina. Kwa malakiti kuna kuchagua: ao jiwe zima wazi kidogo, ao sehemu moja wazi sana. Kusogeza pikseli hakutoi kina zaidi.

FOTO NA USHUHUDA

Sasa tufike kwa neno lililotufanya tuandike. Mwaka 1965 André Yav alitunga habari za mji wa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kwa Kiswahili cha kwetu, kwa jina la watumishi wa nyumbani wa zamani. Mwaka 1990 Johannes Fabian aliitoa katika kitabu kwa msaada wa Kalundi Mango. Maandiko yale hayakufuata kanuni za shule. Maneno yanaungana na kutengana mahali ambapo mwalimu angetia kalamu nyekundu. Mtu anayesoma maandiko ya namna ile hawezi kusema, “Najua neno hili linapaswa kuandikwa hivi,” kisha arudishe herufi kwa kichwa chake. Nukta ni nukta, doa ni doa, na tofauti yao ni lazima itoke kwa karatasi.

Karatasi za kabati letu nyingi ni vile. Jina la mwanafunzi wa zamani limeisha kwa “a” ao kwa “o”? Namba ni 3 ao ni 8? Foto iliyounganishwa kwa ubaya inaweza kufunga duara la 3 kwa meno ya msumeno likawa 8, tena kwa uzuri, kwa pikseli milioni 240, na kila mtu ataamini. Ukungu wa foto moja unasema wazi, “Sijui.” Ubao wa dama unaweza kusema uongo kwa sauti ya hakika. Kwa sababu hiyo tunaomba neno moja lishikwe: zile foto 4 ao 16 za kwanza zisifutwe hata moja mpaka mtu amelinganisha. Kila moja peke yake ni foto kamili ya kawaida, na ya kwanza njo shahidi. Kama alama inaonekana kwa foto iliyounganishwa na haionekani hata kidogo kwa ya kwanza, tusiiandike kama herufi.

Tena kusogeza pikseli hakurudishi wino uliokufa. Kunasaidia kutenga violeti hafifu na manjano ya karatasi, kwa kuwa rangi zinapimwa kwa kila nukta, na kwa foto nne punje za ukelele wa picha zinapungua. Pale ambapo hakuna wino, foto 16 zitaonyesha nyuzi za karatasi, basi.

HESABU YA KABATI

Mstari wa herufi ya mashini ya kuandika una unene wa karibu 0.3 ya milimetre. Kwa pikseli 30 kwa milimetre, ni pikseli 9 kwa unene wa mstari. Foto moja tu, iliyopigwa vizuri, inatosha kabisa kwa kurasa za wino mweusi. Faili moja isiyobanwa ina uzito wa karibu megabayiti 120. Foto 16 ni karibu gigabayiti 2, mbele ya kuhesabu ile iliyounganishwa. Tukiwa na kurasa 400, foto moja moja ni karibu gigabayiti 48. Kwa 16 zote ni karibu 800, na ordinatere ya biro ingekaa juma zima ikiunganisha, kama umeme unakubali.

Kwa hiyo shauri letu: wino mweusi, foto moja. Wino wa violeti, foto nne. Foto 16 tuziweke kwa vitu vidogo: mihuri, sahihi za kalamu ya risasi, picha ndogo zilizobandikwa, na vipande vya malakiti vya darasa la kemia. Taa zizimwe kati ya ukurasa na ukurasa, hasa kwa violeti, tusije tukala wino kwa kuuokoa. Na kama kuko kitu kikubwa kinachotaka wazi zaidi, tukaribie na kupiga vipande kisha kuviunganisha kando kwa kando. Rijksmuseum ya Amsterdam walifanya vile kwa mchoro wa Rembrandt wa mwaka 1642. Picha waliyoitoa mwaka 2022 iliungwa kwa foto 8439.

Mbele ya kubonyeza: ISO 100, nuru na rangi zifungwe kwa mkono zisijibadilishe, objektifu ilengwe kwa mkono na kutazamwa kwa kukuza, aparei ingoje sekonde tano ndipo ianze, watu wasimame.

MAULIZO

1. Karatasi ndefu ya zamani ina upana wa milimetre 216. Ni pikseli ngapi kwa milimetre moja, kama upana huo unajaza pikseli 6336?

2. Aparei ya pikseli 6000 kwa 4000 inapiga karatasi ya A4. Mstari wa 0.3 ya milimetre unapata pikseli ngapi? Je, unatosha kusoma?

3. Tafuteni upana wa duara la nuru nyekundu, wimbi la mikrometre 0.65, kwa tundu 5.6 na kwa tundu 11. Ni kwa tundu gani foto 16 zina faida zaidi, na kwa sababu gani?

4. Kwa ukurasa wa violeti, foto iliyounganishwa inaonyesha “Kasongo” na foto ya kwanza inaonyesha “Kasong” na doa. Mtaandika nini katika orodha?